Karani, Mkunga na Hakimu

9 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Huku sote hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo limestaafu kabla ya mwenyewe. Binti yangu ni mjamzito. Ndiyo, umesoma vizuri, utaitwa babu, na mumewe tayari anatembea kifua mbele utadhani mimba ameibeba yeye. Mtoto tunamtarajia Agosti. Wagonjwa wangu wa zamani bado wananisimamisha barabarani kunionyesha vidonda vyao, nami bado naviangalia, kwa hiyo uuguzi nimeuacha kwa jina tu.

Sasa tuzungumze. Simu yako imekufa. Nimepiga asubuhi, nimepiga mchana, nimepiga mpaka binti yangu akaniambia, mama, hiyo simu itachubuka. Nikampigia yule mwenye duka la vioo mkabala na nyumba yako. Anasema uko hai, maana taa inawaka, lakini ukibishiwa hodi huitikii. Anasema pia dirisha la chumba cha mbele umelipigilia mbao. Mtu aliyefunga kliniki yake ya meno ili apumzike hazibi dirisha. Hilo linanitia wasiwasi na siwezi kuliacha hivihivi.

Nimekwisha amua na sitaki mabishano. Chumba changu cha uani kiko tupu tangu mpangaji aondoke. Kina choo chake na jua linaingia asubuhi. Njoo ukae nasi. Huna mke, huna mtoto, una magitaa, na magitaa hayatakuchemshia maji siku ukilala kitandani. Yauze. Au njoo na moja la kujifariji, nami nitakupa msumari wa kulitundika.

Nijibu unakuja lini.

Dada yako


2 Machi

Dada yangu mpendwa,

Habari ya mimba imenifurahisha mpaka nikacheka peke yangu. Mpwa wangu mpe hongera, na mumewe mwambie apunguze mikogo. Goti lako ulikande na maji ya moto. Najua unanitukana moyoni kwa kukufundisha kazi yako mwenyewe.

Simu niliikata mimi. Usikasirike, nikueleze. Iliita siku moja nikiwa chumba cha mbele, na magitaa yote yakaitikia. Hilo ni jambo la kawaida. Uzi hutetemeka wenyewe ukisikia sauti iliyo sawa na yake, hata bilauri kabatini hufanya hivyo. Lakini simu ilinyamaza na wao wakaendelea. Tangu siku hiyo sikutaka tena kuwasumbua.

Unasema magitaa, magitaa, kwa sababu hujayaona. Yale unayoyajua wewe, yenye tundu la duara tumboni, ni masanduku tu. Haya uso wake umechongwa kwa mkono kutoka kwenye pande zima la mbao, ukabinuka taratibu katikati na kushuka pembeni, kama mgongo wa kijiko. Badala ya tundu moja yana mipasuko miwili mirefu iliyojipinda, mmoja huku na mmoja huku. Fundi huukondesha ule uso. Anakwangua kidogo, anagonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anakwangua tena. Akizidisha mkwaruzo mmoja, gitaa limekufa. Ndiyo waliyokuwa wakipiga watu wa jazi zamani, kabla ya vipaza sauti, maana moja peke yake lilisikika katikati ya matarumbeta. Fundi wangu amemaliza machache mno maishani mwake, na hamuuzii mtu asiyempenda hata aje na gunia la fedha. Mimi ninayo matatu. Sijasikia mwingine mwenye matatu.

Kila moja amelipa jina yeye mwenyewe, kwa kazi ya mtu fulani aliyekuwa naye akilini. Karani ana rangi ya asali na sauti kavu, ya haraka, haachi neno. Mkunga ni mpana, amekolea weusi, na ukimgusa uzi wa chini unamsikia kifuani kabla ya masikioni. Hakimu ni mkubwa kuliko wenzake na hajibu mpaka afikirie. Shingoni wana vidoti vyeupe vya kuonyesha vidole vikae wapi, vimeng'arishwa mpaka unajiona ndani yake. Asubuhi nawafuta kwa kitambaa, namweka mmoja mapajani, nampiga kidogo, mara jua limezama. Dada, nimefanya kazi maisha yangu yote nikichungulia vinywa vya watu waliokuwa wakiomba niwaondokee. Hawa hawataki niondoke.

Dirisha nililiziba kwa sababu ya hewa. Mbao hizi zikikauka mno hupasuka, zikilowa mno huvimba na sauti inakufa. Kwa hiyo nina mashine ya kutoa mvuke, na ukutani kipima unyevu, ambacho mshale wake lazima ukae katikati. Kuhusu kuja huko, ngoja nijipange kidogo. Uniwie radhi kwa mwandiko. Vidole vimepasuka na midomo pia, na siku hizi nina kiu isiyokatika. Labda ni joto.

Barua yako niliwasomea kwa sauti. Nilipofika pale pa wagonjwa kukuonyesha vidonda, Mkunga aliitikia.

Mdogo wako


19 Machi

Mdogo wangu,

Huku wazima. Binti yangu ametapika mpaka amechoka kutapika, sasa anataka kula chaki, na mumewe amekwenda kuitafuta kweli. Nimecheka siku nzima.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kama dada, nikakuonea wivu kidogo, maana hujawahi kumsifia mtu hivyo, hata yule mchumba wako wa duka la dawa aliyekata tamaa. Mara ya pili nimeisoma kama muuguzi. Kiu isiyokatika, midomo kupasuka, vidole kupasuka. Na unakaa kwenye chumba chenye mashine ya mvuke! Chumba kina maji ya kutosha mbao, wewe uliye ndani yake unakauka. Hesabu hiyo haiingii kichwani mwangu.

Fanya hivi. Bana ngozi ya mgongo wa kiganja kwa vidole viwili, ivute juu, iachie. Ikirudi mara moja, nitanyamaza. Ikibaki imesimama, nenda hospitali siku hiyohiyo, usingoje kesho. Uniambie ukweli, mimi si mteja wako wa kumdanganya kwamba haitauma.

Na barua zangu usimsomee mtu. Nakuandikia wewe.

Dada yako


21 Aprili

Dada,

Nimechelewa kujibu, usininunie. Salamu kwa wote, na mkweo akipata hiyo chaki aikwangue kwanza.

Nina habari njema mbili. Ya kwanza, mashine ya mvuke nimeizima. Niligundua kwamba maji ya tangi lake hayapungui tena, na mshale hausogei pale katikati. Nadhani chumba kimejipata. Nikienda jikoni nikakawia, mshale unashuka. Nikirudi na kukaa, unapanda wenyewe. Kwa hiyo siendi sana jikoni. Sijawahi kuhitajika namna hii na mtu yeyote, na si vibaya, hata kidogo.

Ya pili, fundi alikuja kuwaona. Ni mtu mfupi, nadhifu, mwenye kucha zilizokatwa vizuri kuliko zangu. Aliwagonga mmoja mmoja, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa. Kisha akanigeukia mimi. Aliomba ruhusa kwanza, Dada, kwa adabu zote. Akafungua kifungo cha shati langu, akanigonga hapa juu ya mfupa wa kifua, akaweka sikio.

"Unakauka vizuri, daktari," akasema. "Lakini bado kidogo."

Nilifurahi kama mtoto aliyefaulu mtihani. Sijui kwa nini nakueleza, hutaelewa.

Ngozi niliibana kama ulivyoagiza. Hilo tuliache.

Mdogo wako


29 Aprili

Mdogo wangu,

Sikuombi ruhusa, nakuarifu tu. Jumamosi napanda basi. Mkwe wangu anakuja nami kwa sababu ana mgongo wa kubeba. Huenda nikaitangulia barua hii. Kama utaipata kabla sijafika, fungua mlango, kunywa maji, na kaa jikoni.

Huyo mtu akirudi kukugonga kifua, mwambie una dada.

Dada yako


4 Juni

Dada yangu,

Nakuandikia kutoka chumba chako cha uani. Nilifika salama na mkwe wako, ambaye njia nzima alinishikilia begani kama kreti ya mayai. Binti yako hajambo, tumbo limekuwa kubwa, na ananipa maji kwa saa kama dawa. Ngozi ya kiganja sasa inarudi. Naibana kila asubuhi, nikijua utauliza.

Ulivyonitoa nakumbuka vipandevipande. Mwenye duka la vioo akivunja mlango. Wewe ukinitukana matusi ambayo sikujua unayajua. Ile dripu uliyoitundika kwenye msumari wa Karani, nami nikalia, si kwa maumivu, kwa sababu ulikuwa umemshusha. Naona haya kuliandika hilo. Kwa muda wote ulionitunza pale kabla ya kunipandisha basi, sikukushukuru hata mara moja. Leo nashukuru.

Ulisema unabaki wiki mbili, uyauze, ufunge nyumba, urudi. Wiki mbili zimepita. Nimeorodhesha hapo chini wanunuzi wanaoaminika, anza na mwanasheria, huyo hahojihoji. Usiyapige. Usikae nayo bila sababu.

Mdogo wako


20 Juni

Mdogo wangu,

Hatimaye barua yenye mwandiko wa mtu mzima! Mimi sijambo, goti limetulia, nadhani linapenda sakafu yako ya mbao. Mbusu binti yangu, mwambie ainue miguu akikaa.

Nyumba yako ilikuwa na vumbi la kupandia mchicha. Nimefua mapazia, nimebandua zile mbao dirishani, nimeuza kiti chako cha kliniki kwa kinyozi, na kinamfaa. Mwanasheria alikuja. Bei yake si mbaya, lakini alimnyanyua Karani kama mtu anayepima samaki, akamgeuza, akamchungulia nyuma, wala hakumpiga. Nikamwambia aende kwanza, nitafikiri.

Nikuambie jambo la kuchekesha. Nilikuwa nafagia huku navumisha wimbo mdomoni, mara nikasikia nina mwenzangu. Nikausimamisha ufagio. Alikuwa Mkunga. Nikajiambia, ndiyo hiyo habari ya bilauri kabatini. Nikainama nikamvumishia kwenye mpasuko, juu, chini, juu, mpaka nikaifikia sauti moja ambayo mwili wake wote uliipokea, nikausikia mikononi. Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka yote ile. Najua mwanamke anayevumilia anapumua vipi. Anapumua hivyohivyo.

Sasa naelewa kidogo ulichokuwa ukiniambia. Kidogo tu, usivimbe kichwa.

Dada yako


8 Julai

Dada,

Salamu. Mpwa wangu miguu imevimba, daktari anasema si ya kutisha, lakini anauliza kila siku mama anakuja lini, na mimi humwambia wiki ijayo. Nimeongezeka uzito. Suruali uliyoninunulia imekataa kufunga.

Nisikilize. Usiwavumishie. Wafunike shuka, wote watatu, na ulale chumba cha nyuma, mlango uwe umefungwa. Mwanasheria mwite leo, mwachie hata kwa bei ya kuni. Akimshika Karani kama samaki, mwache amshike. Hilo ndilo lililonifunga mimi: kila mnunuzi nilimwona hawafai.

Dirisha bado liko wazi? Nijibu hilo hata kama hujibu mengine.

Mdogo wako


1 Agosti

Mdogo wangu,

Nimeipata yako. Nawasalimu wote huko.

Dirisha nimelirudishia mbao, kwa muda tu. Vumbi la barabarani lilikuwa linawakalia. Mwanasheria alirudi na nimemfukuza. Hana masikio yule bwana. Alinitajia bei wakati Hakimu bado analia, hakusubiri hata amalize.

Nimeichukua ile lenzi yako ya kazini, nikawaangalia vizuri shingoni. Vile vidoti vyeupe ni meno, sivyo? Magego, yamekatwa vipande vyembamba na kung'arishwa. Cha tano cha Hakimu kina alama ya fedha katikati, jino lililozibwa. Ni kazi safi sana. Nilidhani nitashtuka, nikajikuta nakisugua kwa kitambaa.

Nakuja. Kuna mambo madogomadogo ya kumalizia. Maji nakunywa mengi, usinifundishe kazi.

Dada yako


18 Agosti

Dada, Dada,

Amezaliwa. Msichana, mzima, kilo zake kamili, na mapafu ya kuamsha mtaa. Ana kipaji chako cha uso na tayari anakunja ndita kama wewe ukisoma bei. Binti yako alitaabika tangu asubuhi mpaka jioni, na muda wote hakumwita mumewe wala daktari. Alikuita wewe. Nilikuwa nje ya mlango, nikakusikia ukiitwa mpaka nikaziba masikio.

Umeniuliza habari za meno, nakujibu. Ni meno. Lile la fedha nililiziba mimi. Hakimu alikuwa mteja wangu, mtu mnene, mwenye utani, aliyekuwa akinihukumu kifungo kila nilipomchoma sindano. Karani na Mkunga walikuwa wake. Ni sebuleni kwake nilipowaona mara ya kwanza. Kisha kila alipokuja kliniki alikuwa amepungua, na kinywa chake kikavu hata sikuhitaji pamba. Siku moja hakuja. Tukaambiwa amehamia kwa wanawe. Hakuwa na wana. Baadaye fundi akaniletea hao wawili, na wa tatu akiwa mpya, akinukia vanishi. Nilikiona kidoti cha tano nikiwa bado mlangoni, nikaijua kazi yangu mara moja. Nikawanunua wote watatu.

Sasa unajua kila ninachokijua. Toka humo leo. Acha nguo, acha vyombo, nyumba na iungue. Mjukuu wako hana jina bado kwa sababu mama yake amekataa kumpa mpaka ufike.

Mdogo wako


15 Septemba

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Barua yako niliipata na nikawasomea. Hakimu alifikiri kwanza, kama kawaida yake, halafu akajibu. Alikupenda, nadhani.

Fundi alikuja. Anaomba ruhusa, kama ulivyosema. Akanigonga, akasikiliza upande huu na upande huu, na hakusema bado kidogo. Alisema watu waliokesha na wagonjwa hukauka vizuri, hawapindi. Ameshapata jina, ni Muuguzi, nami sina pingamizi. Atarudi mwezi ujao na vyombo vyake.

Aliuliza habari zako. Nikamwambia umenenepa, unapewa maji kwa saa. Alisikitika kwa dhati. Alisema ndani yako kulikuwa na sauti ambayo hajaisikia kwa mtu mwingine, na sasa imeloa.

Hapa hakuna joto wala baridi. Mshale uko katikati. Sina kiu tena. Usitume mtu.

Dada yako


27 Septemba

Dada,

Mjukuu wako ameanza kucheka. Anacheka na taa, anacheka na pazia, na juzi alinicheka mimi. Binti yako aliisoma barua yako kabla yangu, akaitafuta sehemu inayomtaja mtoto. Akaigeuza karatasi nyuma. Kisha akanikabidhi, akaenda kukaa uani.

Nilipofika pale fundi alipouliza habari zangu, nilirudia kusoma, tena na tena. Nilipaswa kuogopa kwa ajili yako, wewe uliyevunjisha mlango kwa ajili yangu. Nilingoja woga uje. Kilichokuja ni wivu, Dada. Nilichomwa na wivu. Mimi ndiye niliyekaa nao, mimi ndiye niliyeambiwa bado kidogo, halafu unakuja wewe na ufagio unachaguliwa kwa miezi michache. Nilikaa kwenye kitanda chako nikajigonga kifuani kusikiliza. Pakalia kama gunia la unga. Nikalia nami, na si kwa ajili yako.

Hapa wamenipangia safari ya kukuchukua na wote wananisifu. Mkwe wako alitaka tufuatane, nikamwambia mtoto anamhitaji, akaniamini. Binti yako amenipa picha ya mtoto nije kukuonyesha, amenifungia mikate na chupa ya maji. Sikumwambia kwamba maji nimeacha kunywa tangu juzi. Anadhani tumbo linaniuma. Leo asubuhi niliibana ngozi ya kiganja, ikakawia kidogo kurudi, na nilifurahi kiasi ambacho sitaki mtu ajue.

Nitafika Jumatano ijayo. Barua hii nampa dereva wa basi la leo, ataiacha kwa mwenye duka la vioo, na huyo nimemwomba aisukume chini ya mlango. Ukiipata, simama. Vaa viatu. Usiwaage, ukiwaaga hutatoka. Ufunguo mwachie yeye, panda basi la kwanza linaloelekea huku. Tutapishana njiani, na ukiona basi langu usinipungie mkono.

Nikikukuta humo nitakutoa, Dada. Nitakuburuta hata kwa nywele, na nikishakufikisha barabarani nitaingia ndani na kufunga, wala sitatazama kama umesimama au umeanguka. Nakujua, utajiambia mdogo wangu hawezi. Naweza. Nimejiuliza mara nyingi mpaka nimelijua jibu.

Fundi anakuja kuchukua mmoja. Kwako kuna mtoto asiye na jina, na hapa utapokewa kwa machozi, na mimi nitasifiwa kwamba nilikwenda nikakuokoa. Waache wanisifu. Lakini wewe nataka uujue ukweli, kwa sababu hujawahi kunidanganya. Ondoka kabla sijafika. Sikuombi hivyo kwa ajili yako.

Mdogo wako